Kodi ya Kichwa Ilivyowarudia Wenyewe

Siku ya Jumamosi, tarehe 31 Machi 1990, watu wapatao 200,000 walikusanyika kusini ya mto Thames katika mji wa London, wakavuka daraja na kuandamana hadi uwanja wa Trafalgar. Walikuwamo wazee, akina mama wenye watoto, walimu, mafundi, makarani, na watu wasio na kazi. Mwanzo wa safari yao ulikuwa wa nyimbo na ngoma. Kufikia alasiri mambo yalikuwa yameharibika. Askari wa farasi waliingia katikati ya watu, mawe na chupa zikarushwa, magari yakapinduliwa, vioo vya maduka vikavunjwa, na vibanda vya mafundi wa ujenzi kando ya uwanja vikashika moto. Watu zaidi ya 300 walikamatwa, na zaidi ya 100 waliumia.

Jambo lililowatoa watu hao majumbani mwao wazee wa Kenya hawahitaji kufasiriwa: lilikuwa kodi ya kichwa. Serikali ya Uingereza iliipa jina la heshima, Malipo ya Jumuiya, lakini wananchi walikataa jina hilo, wakaiita “poll tax”; na neno “poll” katika Kiingereza cha kale maana yake ni kichwa. Ni kodi ya namna ile ile ambayo watawala wa Kiingereza waliwatoza Waafrika kwa zaidi ya nusu karne. Iliporudi kwa wenyewe iliishi miaka minne tu huko Uskoti, na mitatu tu Uingereza na Wales.

Habari za kodi hiyo zafaa kusomwa kwa makini. Waliyoitunga hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa vyuo vikuu, wenye makarani hodari na hesabu zilizopangwa vizuri. Kila hatua waliyopiga ilikuwa na sababu yake, na mwisho wa hatua hizo zote ulikuwa upuuzi mtupu.

MJANE NA JIRANI ZAKE

Kabla ya hapo, halmashauri za miji na wilaya huko Uingereza zilijipatia fedha kwa kodi ya majengo. Kila nyumba ilikadiriwa ingeweza kupangishwa kwa kiasi gani kwa mwaka, na mwenye kukaa humo alitozwa kwa kadiri hiyo. Aliyekaa katika jumba kubwa alilipa nyingi, na aliyekaa katika nyumba ndogo alilipa kidogo. Ilikuwa kodi ya zamani sana, nayo haikukosa kasoro.

Kasoro iliyotajwa mara kwa mara ni ile ya mjane. Mama mzee aliyefiwa na mumewe anaishi peke yake katika nyumba aliyowalelea watoto wake. Katika nyumba ya pili, iliyo sawasawa na yake, wanakaa watu wazima wanne, na wote wanne wana mishahara. Mama huyu anatoa taka kidogo, hana mtoto shuleni, wala hatumii sana barabara. Lakini kodi yake ni sawa na ya wale wanne. Kila aliyesikia kisa hicho alikubali kwamba haki haikutendeka.

Kasoro ya pili ilikuwa ya wapiga kura. Serikali ya chama cha Conservative, chini ya Bibi Margaret Thatcher, ilisema kwamba miongoni mwa watu 35 milioni wenye haki ya kupiga kura za halmashauri katika Uingereza, ni kiasi cha thuluthi moja tu waliolipa kodi ya majengo kwa ukamilifu. Waliobaki ama hawakudaiwa kabisa kwa kuwa si wenye nyumba, ama walisamehewa yote au sehemu yake. Kwa hiyo, serikali ilisema, watu wanawachagua madiwani wapendao kutumia fedha, na gharama inambeba mtu mwingine. Dawa yake ni kila mtu mzima kulipa, na wote walipe sawa. Hapo kila mpiga kura ataona kwa macho yake bei ya diwani wake, na halmashauri zenye mkono wazi zitaondolewa kwa kura.

Hoja hiyo ilitangazwa katika kitabu cha serikali mwezi wa Januari 1986. Kwenye karatasi ilikuwa safi kama maji ya kisima. Lakini kitu kimoja hakikupimwa sawasawa, nacho ni mfuko wa mlipaji. Mzoa taka na lodi mwenye mashamba na jumba la vyumba arobaini, wakiwa wilaya moja, wangedaiwa kiasi kimoja. Waliyoitetea hawakuona haya juu ya jambo hilo. Waliuliza: je, mkate hauuzwi kwa bei moja kwa tajiri na maskini? Kwa nini huduma za halmashauri ziwe na bei mbili? Walisahau kwamba mtu asiyeweza kununua mkate mkubwa huweza kununua mdogo, lakini hakuna mtu awezaye kuwa na nusu ya kichwa.

USKOTI WATANGULIZWA

Waskoti ndio waliotangulia. Katika mwaka wa 1985 nyumba za Uskoti zilikadiriwa upya, na wenye nyumba wengi waliona kodi zao zikipanda ghafula. Kelele zao zilikuwa kubwa, na viongozi wa Conservative wa huko wakaomba waokolewe upesi. Sheria ya Uskoti ikapitishwa mwaka 1987, na kodi mpya ikaanza tarehe 1 Aprili 1989, mwaka mzima kabla ya kufika Uingereza na Wales.

Basi Waskoti wakasema kwamba wamefanywa panya wa majaribio. Na walikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana katika uchaguzi wa mwezi wa Juni 1987 chama cha Conservative kilikuwa kimepata viti 10 tu kati ya viti 72 vya Uskoti. Watu wasiokichagua chama hicho ndio waliokuwa wa kwanza kubeba mzigo wake.

Waskoti hawakungoja. Mtaa kwa mtaa waliunda vyama vya kukataa kulipa. Kwa sheria ya huko, mdaiwa asipolipa, maofisa wa mahakama huja nyumbani kuandika bei ya vyombo vyake, ili baadaye viuzwe kwa mnada. Siku maofisa walipotarajiwa, majirani walijaa mlangoni na kwenye ngazi, wakasimama kimya au wakaimba, na maofisa wakaondoka na kalamu zao bila kuandika kiti wala meza. Habari hizo zilifika London mwaka mzima kabla ya kodi kuanza huko, na serikali ilizisoma. Ilizisoma kama mtu asomavyo habari za mvua ya nchi nyingine.

MALODI WAFUNGA SAFARI

Huko London wenyewe hawakukosa watu wa kuonya. Hata ndani ya chama cha serikali walikuwapo wabunge waliotaka kodi igawanywe kwa madaraja, mwenye kipato kikubwa alipe zaidi na mwenye kidogo alipe pungufu. Bunge la chini likakataa. Shauri hilo likapelekwa kwenye Baraza la Malodi, ambako wakati ule watu wengi waliketi kwa kurithi viti vya baba zao.

Tarehe 23 Mei 1988 jambo la ajabu lilitokea. Malodi ambao kwa kawaida huonekana barazani kwa nadra, wengine wakiwa mabwana wa mashamba makubwa, walifunga safari kutoka mikoani wakaja kupiga kura. Shauri la kuipima kodi kwa uwezo wa mtu likashindwa kwa kura 317 dhidi ya 183. Kwa hiyo watu ambao wangepata nafuu kubwa kuliko wote ndio waliokuja kutoka mbali kuhakikisha kwamba maskini hapati nafuu. Ilifanyika kwa kufuata kanuni zote za baraza. Lakini jambo laweza kuwa halali na bado likawa aibu.

Serikali ilitoa punguzo kwa wanafunzi na kwa watu maskini kabisa walioishi kwa msaada, lakini hata hao walitakiwa walipe sehemu moja katika tano. Nayo ilikadiria kwamba kila mtu mzima wa Uingereza angelipa kwa wastani pauni 278 kwa mwaka. Ankara zilipotoka mwaka 1990, wastani ulikuwa pauni 363 hivi. Nyumba ya baba, mama na vijana wawili wenye umri wa kulipa ikadaiwa mara nne ya kiasi hicho, hata kama mshahara ulioingia humo ulikuwa mmoja. Wakati huo huo, halmashauri ya Wandsworth, London, iliyoongozwa na chama cha serikali, ilitoza pauni 148 tu mwaka wa kwanza, na mwaka uliofuata haikutoza kitu. Mtu wa kipato kile kile, akikaa hatua chache ng’ambo ya mpaka, alidaiwa mamia ya pauni.

MAKARANI WAFUKUZA VIVULI

Kila karani aliyewahi kushika daftari la kodi ataelewa tabu iliyofuata. Nyumba haitembei. Leo iko mahali pake, na kesho itakuwapo. Lakini mtu huhama, huoa, huachwa, huenda kufanya kazi mji mwingine, hulala kwa dada yake mwezi mmoja na kwa rafiki mwezi wa pili. Halmashauri zilizokuwa zikifuatilia nyumba sasa zilipaswa kufuatilia watu, na idadi ya wadaiwa ilikuwa kama mara mbili ya ile ya zamani. Ziliajiri makarani wengi, zikanunua kompyuta mpya, zikatuma watu kugonga milango. Na milango mingi haikufunguliwa.

Wengine waliogopa kwamba daftari la wapiga kura lingetumiwa kuwatafuta, wakaacha kuandikisha majina yao. Hivyo kodi iliyotungwa ili kila mpiga kura awe mlipaji iliwafanya watu waache kuwa wapiga kura. Hata hesabu ya watu ya mwaka 1991 ilionyesha pengo kubwa, hasa la vijana wanaume mijini, na woga wa kodi hii ulitajwa kuwa sababu mojawapo.

Mahakama nazo zilipata sehemu yao. Katika mwezi wa Juni 1990, halmashauri moja ya Kisiwa cha Wight iliwaita mahakamani watu wapatao 1,800 kwa mpigo mmoja, kwa kutolipa. Watu walijaa hadi nje. Kesi zikaanguka, kwa sababu barua za kuwakumbusha wadaiwa zilikuwa zimetumwa kwa posta ya bei nafuu, zikachelewa, na siku zilizoamriwa na sheria hazikutimia. Halmashauri ilitaka kuokoa bei ya stempu, ikapoteza kazi ya miezi.

Chama cha Labour kilikuwa katika hali ya kuchekesha zaidi. Viongozi wake waliilaani kodi bungeni, lakini halmashauri nyingi zilikuwa mikononi mwao, na sheria iliwaamuru waikusanye. Diwani wa Labour alihutubia mkutano jioni akisema kodi hii ni dhuluma, na asubuhi ofisi yake ikapeleka hati za kuwashtaki wale wale waliompigia makofi.

Mambo yalifika mahali ambapo mtunga sheria alifungwa kwa sheria. Terry Fields, mbunge wa Liverpool, alitiwa gerezani siku 60 mwezi wa Julai 1991 kwa kukataa kulipa pauni 373. Na huko Glasgow, Tommy Sheridan, aliyefungwa kwa kuvunja amri ya mahakama iliyomkataza kuzuia mnada wa vyombo vya mdaiwa, alichaguliwa kuwa diwani mwezi wa Mei 1992 hali yumo gerezani.

HESABU YA MWAKA 1381

Ajabu kubwa kuliko zote ni kwamba historia ya Waingereza ilikuwa imekwisha kuwaonya. Kila mtoto wa shule huko hufundishwa habari za mwaka 1381. Katika miaka minne, kati ya 1377 na 1381, serikali ya mfalme iliwatoza watu kodi ya kichwa mara tatu ili kulipia vita na Ufaransa. Mara ya kwanza ilikuwa peni nne kwa kila mtu. Mara ya tatu ikawa shilingi nzima, na mkulima maskini alitakiwa kubeba mzigo usiolingana na mabega yake.

Watu walifanya nini? Walijificha. Daftari la 1381 lilionyesha walipaji pungufu kwa kiasi cha thuluthi moja kuliko lile la 1377, kana kwamba tauni nyingine ilipita usiku mmoja. Mfalme akatuma wakaguzi vijijini kuwatafuta waliotoweka. Hao wakaguzi ndio waliowasha moto. Wakulima wa Essex na Kent waliinuka, wakaingia London, wakamkata kichwa Askofu Mkuu Simon Sudbury aliyekuwa waziri wa mfalme, na mweka hazina Robert Hales pamoja naye. Kiongozi wao, Wat Tyler, aliuawa mbele ya mfalme mwenyewe, Richard wa Pili, kijana wa miaka 14. Wakulima walishindwa na kuadhibiwa vikali. Lakini kodi ya namna ile haikuendelea.

Majina yaliyopotea katika daftari la 1381 na majina yaliyopotea katika hesabu ya 1991 ni majina ya watu wa namna moja. Mtu asiyeweza kulipa, na asiyeweza kusikilizwa, hujiondoa katika hesabu.

HAPA KENYA

Hapa Kenya jambo hilo lilijulikana bila kusoma habari za Wat Tyler. Serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1901 kwa kodi ya vibanda, iliyotozwa kwa kila kibanda. Watu wakajibu kama Waingereza wa kale walivyojibu: walikaa wengi katika kibanda kimoja ili vibanda vya kuhesabiwa vipungue. Ndipo ilipokuja, mwaka 1910, kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na vibanda vyao wenyewe. Mtu mwenye mbuzi mia na mtu mwenye mbuzi mmoja walisimama katika safu moja mbele ya karani, wakatoa kiasi kimoja.

Tena, kodi hiyo haikuwa ya fedha tu. Gavana Belfield alisema waziwazi mwaka 1913 kwamba kodi ndiyo njia ya kuwafanya Waafrika watoke katika nchi zao kwenda kutafuta kazi, yaani katika mashamba ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikapandishwa hadi shilingi 16. Na mwaka 1921, mazao yaliposhuka bei, waajiri wa Kizungu waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi. Kodi juu, mshahara chini, na kipande shingoni.

Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya serikali, alisimama kusema maneno hayo hadharani. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku ya pili yake watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na tarehe 16 risasi zikapigwa. Taarifa ya serikali ilitaja watu 21 waliokufa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia wanaume moyo pale waliposita. Thuku alipelekwa Kismayu. Lakini kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Katika mwaka ule ule wa 1922 kulikuwa na kodi nyingine iliyoondolewa. Serikali ilikuwa imejaribu kuwatoza walowezi kodi ya mapato. Walowezi walikataa, wakalalamika katika mabaraza yao, na kodi ikafutwa bila hata mmoja wao kupigwa risasi. Haikurudi hadi mwaka 1937. Mwenye kiti barazani alisikilizwa alipokohoa. Asiye na kiti hakusikilizwa hata alipolia.

Huko Natal, Afrika ya Kusini, ilikuwa vibaya zaidi. Kodi ya kichwa ya pauni moja iliwekwa mwaka 1905, na mwaka 1906 Wazulu chini ya Bhambatha waliinuka. Waafrika zaidi ya 3,000 waliuawa. Hizo zote zilikuwa kumbukumbu za serikali moja, zimewekwa katika makabati ya mji mmoja wa London, mwendo wa dakika chache kutoka ofisi zilizotunga kodi ya 1990.

MWISHO WA KODI, MWISHO WA WAZIRI

Bibi Thatcher alikuwa kiongozi hodari, na kwa miaka kumi uimara wake ulikuwa umemshindia watu wengi. Lakini fimbo inayomsaidia mtu kupanda mlima yaweza kumwangusha anaposhuka. Tarehe 22 Machi 1990, siku chache kabla ya ghasia za Trafalgar, chama chake kilipoteza kiti cha Mid Staffordshire, kiti kilichodhaniwa kuwa salama. Wabunge wake wakaanza kuhesabu kura za majimbo yao wenyewe. Yeye akasema hatarudi nyuma.

Mwezi wa Novemba, Michael Heseltine alishindana naye katika uongozi wa chama. Kodi haikuwa sababu peke yake. Walikuwapo pia waliogombana naye juu ya mambo ya Ulaya. Alipata kura 204 dhidi ya 152, lakini hazikutosha kwa kanuni za chama, na tarehe 22 Novemba akatangaza kwamba ataondoka. John Major alichukua mahali pake, na Heseltine akapewa kazi ya kuizika kodi. Tarehe 21 Machi 1991 bunge likaambiwa kwamba itaondolewa.

Mazishi yenyewe hayakuwa ya bure. Ili kupunguza pauni 140 katika ankara ya kila mtu, serikali ilipandisha kodi ya bidhaa kutoka asilimia 15 hadi 17.5. Kodi ya kichwa ikaondoka. Nyongeza ile ikabaki. Na shabaha ya kwanza, kwamba kila mpiga kura aone gharama halisi ya halmashauri yake, ikapotea kabisa, maana sasa fedha nyingi zaidi zilitoka katika hazina kuu.

Na yule mjane je? Katika mwezi wa Aprili 1993 ilianza kodi mpya ya halmashauri, ambayo huzipanga nyumba katika madaraja kwa thamani yake. Mtu mzima akaaye peke yake hupunguziwa robo ya kodi. Ni hayo tu. Tabu ya mjane, iliyotolewa kuwa sababu ya kuvunja jengo zima, ilitibiwa kwa mstari mmoja katika sheria. Mstari huo ungeweza kuandikwa tangu 1986, bila ghasia, bila vifungo, na bila kumwangusha mtu.

FUNZO LAKE

Afrika ya Mashariki nayo iliendelea kuwa na kodi za namna hii baada ya uhuru. Tanzania ilifuta kodi yake ya maendeleo mwaka 2003, na Uganda ikasimamisha kodi yake ya watu mwaka 2005, baada ya wanaume wengi kuzoea kulala porini siku za msako. Lakini fikra ya kodi ya kichwa yaweza kurudi bila jina lake, maana kodi ya chakula ni kodi ya kichwa iliyopitia mdomoni. Tajiri na maskini hula mkate wa bei moja.

Ndiyo maana Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024, uliotaka kuweka asilimia 16 juu ya mkate na ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia, uliamsha nchi upesi hivyo. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate iliondolewa, lakini wakati huo vijana hawakuwa wakihesabu mkate tena. Walikuwa wakihesabu mara ambazo hawakusikilizwa. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia katika jengo la Bunge na risasi zikapigwa. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kufikia tarehe 1 Julai. Jambo lililofanyika kwa kalamu moja tarehe 26 lingeweza kufanyika kwa kalamu ile ile wiki moja kabla, na watu hao wangekuwa hai.

Hakuna nchi iwezayo kuishi bila kodi. Barabara, shule na hospitali havijengwi kwa nyimbo, na mwananchi akataaye kila kodi hujinyima mwenyewe. Lakini mtoza kodi ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kufungua daftari: mzigo huu umepimwa kwa mabega ya anayeubeba? Na huyo anayeubeba ameulizwa? Wat Tyler hakuulizwa, wala watu wa Harry Thuku, wala Waskoti wa 1989. Serikali zilizowatoza zilikuwa na sheria, hesabu na askari, na kila moja ilirudi nyuma baadaye kwa gharama kubwa kuliko ile ya kusikiliza mwanzoni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mambo ya kodi mkuu ni yule anayelipa, naye asiposikiwa, guu linalovunjika si lake peke yake.